Risasi Isiyopita

Louisville, 9 Machi 2025

Dada Spés,

Usishtuke kuona bahasha yenye mwandiko wangu. Sina simu. Jumanne iliyopita, saa nane na nusu mchana, nilitoka kiwandani nikasimama kituo cha mafuta, vijana wawili wakanijia, wakachukua simu na jaketi wakaenda. Mmoja alinipiga juu ya sikio kwa kitako cha bastola. Nimeshonwa nyuzi nne tu. Florida na mtoto wetu Ange hawakuwepo, Mungu asifiwe. Usimwambie mtu kanisani kwenu, wataanza kupiga simu kwa zamu na kumliza Florida.

Simu nitapata nyingine. Lakini kabla ya simu nimenunua bastola. Nakwambia wewe kwanza kwa sababu ndiye uliyenilea. Mimi ni raia sasa, na hapa Kentucky mtu wa umri wangu anaibeba bila kibali. Kuipata ilikuwa kazi ya nusu saa. Kinachonishinda ni risasi.

Sikujua kama risasi zinachaguliwa. Ukuta mzima wa duka umejaa maboksi. Muuzaji ni mzee mpole, ananiita rafiki. Alinitolea mche wa jelatini, mkubwa kama tofali, wa njano kidogo, unaona mpaka upande wa pili. Wanaupiga risasi ili kujua mwili wa mtu utafanywa nini. Akasema unapikwa kwa ngozi ya nguruwe. Hakuwa na haja ya kuniambia. Nakata mapaja ya nguruwe kwa muda wa saa nane kila siku, harufu ile naijua.

Ndani mlikuwa na njia mbili. Moja nyembamba, imenyooka, imeingia huku ikatokea kule. Hiyo ni ya risasi yenye kichwa cha mviringo. Ya pili ilikuwa imechanika-chanika kama gunia, na mwishoni risasi yenyewe imesimama, imefunguka vipande sita. Hiyo ina tundu kichwani. Mzee akaweka kidole pale ilipochanika, akasema, "Hii ndiyo ya kubeba kila siku. Haipiti. Inabaki ndani ya mtu. Ile nyingine inapita, inakwenda kumpata asiyehusika." Kisha akanieleza kwamba kabla ya kupiga, mche wanauvalisha jinzi, vitambaa vinne, kwa sababu watu huvaa nguo.

Nilitoka nje nikatema mate. Sikununua boksi lolote. Lakini bastola ipo kabatini na haina kitu, na mimi lazima nichague. Nisaidie kufikiri, dada.

Mdogo wako,
Sylveri

*

Columbus, 16 Machi 2025

Mdogo wangu Sylveri,

Barua yako niliisomea jikoni. Niliiweka mezani nikaenda kunawa mikono, halafu nikanawa tena.

Unajua kazi yangu. Kila siku natoka hapa Northland kwa mabasi mawili mpaka Hilliard, kwenye nyumba ya wazee. Naosha vidonda vya mgongo ambavyo ukivifunua unaona mfupa. Nakamua usaha, nabadilisha nepi za watu wazima, halafu nakaa nakula wali wangu vizuri. Kinyaa hakinijui. Lakini barua yako imenitia kinyaa, wewe mtoto niliyekutafunia viazi kwa meno yangu. "Inabaki ndani ya mtu." Umeandika maneno hayo kama mtu anayeeleza godoro zuri.

Unaniomba nikusaidie kuchagua. Kuchagua nini? Jinsi mtoto wa mtu mwingine atakavyochanika? Sitachagua, na wala usinitajie tena jinzi na jelatini.

Sisi tumeshakuwa na wafu wa kutosha. Baba na mama walikufa kwa kipindupindu njiani, wewe ukiwa na miezi saba, mimi nina miaka tisa. Nilikuvusha Malagarasi mgongoni kwangu. Tumekulia kambini, tumerudishwa kwetu kwa nguvu, tumekimbia tena, tumekaa tena kambini, na miaka yote hiyo hatukushika bunduki. Leo uko mahali penye friji na maji ya moto ndiyo unaitaka.

Irudishe dukani. Na uniambie kweli: walikufanya nini pale kituoni? Kwa ajili ya simu mtu hununua simu.

Dada yako anayekupenda na aliyekasirika,
Spés

*

Buffalo, 2 Aprili 2025

Sylveri,

Barua yako nimeipata. Unasema Spés haelewi kwa sababu ni mwanamke, na kwamba mimi kaka yenu mkubwa, mtoto wa mama yenu mkubwa, nitakuelewa. Tena nafanya kazi hospitali, kwa hiyo nitakuwa najua ipi ni bora.

Kazi yangu hospitali ni mopu. Nasafisha chumba cha dharura. Huku East Side watu wanaletwa na magari ya ndugu zao, hawangoji ambulansi, na mara nyingi mimi ndiye ninayefuta kuanzia mlangoni mpaka kitandani. Damu nyingi haiwi nyekundu, inakuwa kama ini. Inaganda ukiwa bado unaifuta, inajikunja kwenye mopu kama ngozi ya maziwa. Wiki iliyopita nilitupa mopu nzima pamoja na viatu vyangu.

Hizo zinazobaki ndani nimeziona. Daktari akiitoa anaidondosha kwenye bakuli la chuma, inalia. Ina makali pembeni, hata yeye anaiogopa isimchane glavu. Mmoja aliyepigwa nayo alikuwa kijana wa miaka kama yako, mnene, amevaa soksi za Krismasi. Utumbo wake ulikuwa na harufu, Sylveri, na harufu hiyo nililala nayo. Unataka kujua ipi ni bora. Bora kwa nani?

Lakini nakujua. Ukishasema umesema, tangu ukiwa mtoto. Kwa hiyo kama huwezi kuiacha, chukua ile isiyopita. Usibebe kabisa ile inayopita, hata siku moja, hata kama ni ya mazoezi. Usiniulize kwa nini. Muulize Spés, kama atakubali kukwambia.

Msalimie Florida.

Kaka yako Jovini

*

Louisville, 13 Aprili 2025

Dada Spés,

Kaka Jovini ameniunga mkono. Amesema nichukue ile isiyopita, na nimeichukua. Ni boksi la risasi ishirini. Ukizitazama kwa juu, kila moja ina kishimo, kama midomo midogo iliyoachwa wazi. Hata kuzishika nilizishika kwa ncha za vidole. Basi nimekwambia, sitaki kukuficha.

Bastola naibeba kiunoni upande wa kulia, na Ange nambeba upande wa kushoto. Nimekwenda nayo dukani, nimekwenda nayo ibadani. Nikipiga magoti inanichoma tumboni.

Umeniuliza walinifanya nini. Nimeandika barua hii mara tatu na mara mbili nimeichana. Walinipigisha magoti, dada. Jua linawaka, magari yanaweka mafuta, watu wanatazama mbele yao. Yule mwenye bastola aliniweka mdomo wa chuma hapa kwenye jino, akaniambia niseme tafadhali. Nikasema. Akacheka jinsi ninavyotamka, akataka nirudie. Nikarudia, labda mara tano, na katikati nikajikojolea. Waliona. Mwenzake akanitemea mate, akamwambia twende, huyu ananuka.

Suruali niliitupa kwenye pipa la kiwandani ili Florida asiione. Tangu siku hiyo najinusa. Nikiwa kwenye mstari kazini, nikiwa namwogesha mtoto, najinusa. Wale wawili siwafikirii kama unavyodhani. Najifikiria mimi, na najitia kinyaa. Nikiwa na kitu hiki kiunoni harufu inapungua. Sasa umejua.

Kaka Jovini anasema nikuulize kwa nini nisibebe ile inayopita. Hakueleza. Wewe unajua?

Mdogo wako,
Sylveri

*

Columbus, 20 Aprili 2025, siku ya Pasaka

Mdogo wangu, mwanangu,

Mkojo unafuliwa. Mimi nafua wa watu kumi na mmoja kila asubuhi, na hakuna hata mmoja kati yao niliyemwona amepungua utu. Kuna mzee mmoja aliyekuwa hakimu. Kuna bibi aliyerusha ndege. Mwili ukiogopa unaachia, ni kazi yake, haukuulizi. Wanaonuka ni wale waliocheka. Laiti ningekuwepo, ningekuletea suruali, ningekufunika na kitenge changu, tukaenda zetu nyumbani.

Mweleze Florida. Mke hakuolewa na suruali yako.

Kuhusu Jovini, anachanganya mambo. Alikuwa na miaka kumi na minne tulipokimbia, ameona mengi, kichwa chake kina mambo ya watu wengi. Nilikwambia baba na mama walikufa kwa kipindupindu. Basi, ni hivyo.

Leo kanisani tumeimba mpaka sauti imenikauka, na nilikuwa nakufikiria unapiga magoti na chuma kile kinakuchoma tumboni. Itoe, Sylveri. Naomba.

Dada yako Spés

*

Louisville, 20 Mei 2025

Dada Spés,

Sisi wazima. Ange amejua kusema "gari". Samahani kwa kukaa kimya.

Nina swali, ni la kazi yako. Mtu mzima, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akipata mshtuko, akakaa siku tatu bila kula wala kuzungumza, anafanyiwa nini? Maji anakunywa kidogo. Hana homa. Ni jirani tu. Na je, ni lazima aende hospitali kama hataki?

Jibu upesi ukiweza.

Sylveri

*

Louisville, 27 Mei 2025

Wifi yangu mpendwa Spés,

Mume wangu hajui kwamba nakuandikia. Nimeona barua yako ya Jumamosi ambayo ndani yake umemwambia anifariji mimi, anipikie uji, asiniache peke yangu. Umedhani ninayeumwa ni mimi, na kwamba "jirani" ni njia ya kuficha. Hapana, wifi. Jirani ni jirani kweli. Ni Mama Kanyange, mjane wa watu wetu anayekaa peke yake mlango unaofuata, yule aliyenikanda nilipojifungua Ange.

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na saba, saa nne asubuhi. Sylveri alikuwa chumbani anabadilisha risasi. Anakwendaga kujifunza kulenga, huko anatumia za bei ndogo za mviringo, kisha akirudi anaziweka hizi za tundu. Mimi nilikuwa nasuka nywele za mtoto sebuleni. Alitoa magazini, kile kikasha cha risasi, akadhani bastola ni tupu. Kumbe moja ya zile za tundu ilikuwa imebaki juu, tayari mdomoni mwa bastola. Nikasikia mlio, masikio yangu yakaziba. Nilimwona Ange anafungua mdomo analia lakini simsikii.

Ukutani palikuwa na tundu ambalo kidole changu hakiingii. Nikamwambia Sylveri, "Upande ule ni kwa Mama Kanyange." Akasema, "Haipiti. Hizi hazipiti." Alisema hivyo mara nyingi, wifi, akiwa ameketi kitandani, huku mwanga wa jikoni kwa Mama Kanyange unaingia kwetu kupitia lile tundu.

Tulikwenda kugonga. Hakufungua. Nikamwita kwa Kirundi mpaka koo likauma, ndipo akafungua kitasa akiwa chini. Alikuwa amejificha chini ya meza. Kabla ya mlio alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage, na risasi ilimpita juu ya kichwa ikaingia kwenye mlango wa friji. Angekuwa amesimama ningekuwa nakuandikia habari nyingine. Maharage yalikuwa kila mahali, na yeye amelowa, sketi yote, na mkeka. Harufu ilijaa.

Sylveri alisimama mlangoni. Nilimwona anainusa. Sijui kwa nini uso wake ulibadilika vile, kama mtu aliyekutana na mtu anayemjua. Alikimbia nje akatapika kwenye nyasi za watu. Kisha akarudi, akapiga magoti, akaokota maharage moja moja na akafuta sakafu kwa fulana yake. Mama Kanyange alikuwa anamtazama bila kupepesa macho. Nilimwambia, "Mama, ni bahati mbaya." Akaniambia neno moja tu: "Mtoe."

Risasi ameitoa kwenye friji kwa kisu. Haikufunguka hata kidogo. Kile kishimo chake kimejaa unga mweupe wa ukuta.

Nimekasirika mpaka sili naye meza moja. Kitu hicho kingeweza kuelekea sebuleni. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mtoto wangu mikononi.

Wifi, zungumza naye. Mimi nikifungua mdomo nitasema maneno ambayo hayatarudi.

Florida

*

Columbus, 1 Juni 2025

Sylveri,

Florida ameniandikia. Usimgombeze hata kwa jicho.

Kwanza, kuhusu mama yule: msiende wengi. Aende Florida peke yake, akae naye, asimlazimishe kusema. Uji mwepesi, vijiko vichache. Mlango uwe wazi aone nani anakuja.

Pili, nimekudanganya miaka ishirini na tisa, na leo naacha.

Baba na mama hawakufa kwa kipindupindu. Tulikuwa tunatoka Rutana kwa miguu, sisi wanne na Jovini. Asubuhi, kwenye migomba, tukakutana na watu wenye bunduki. Sitakwambia ni wa upande gani. Miaka ile upande wowote ungeweza. Baba alimweka mama nyuma yake, akafungua mikono hivi, kama anayezuia ng'ombe wasipite. Alikuwa anawaambia, "Nina watoto." Alikuwa bado anasema.

Walipiga mara moja. Risasi moja, Sylveri. Ilipita kwa baba kama vile hayupo, ikaingia kwa mama chini ya ziwa. Kwa mama haikutoka. Wewe ulikuwa mgongoni mwake, umefungwa kwa kitenge. Walipoondoka Jovini ndiye aliyekufungua, tukakuvua nguo zote, tukakugeuza, tukakupapasa kichwa na mbavu, maana ulikuwa umejaa damu. Haikuwa yako. Hukuwa na mkwaruzo. Ulikuwa na njaa tu. Mama alikaa mpaka jua likawa juu, akanyamaza.

Kwa hiyo ilipita kwa mmoja na ikabaki kwa mwingine, na wewe upo. Sikutaka ukue ukijua mgongo ule ulikuzuilia nini. Niliogopa ungekuwa unajiona deni. Labda nilikosea. Labda ungejua usingekwenda kusimama kwenye duka la watu ukaonyeshwa kidole kwenye jelatini. Ulipoandika "inakwenda kumpata asiyehusika" nilikwenda kutapika, halafu nikakujibu kwa hasira ili nisikujibu kwa kweli.

Na Jovini hakukuunga mkono. Aliposema chukua ile isiyopita, alikuwa anamfikiria mtu atakayesimama nyuma ya mtu. Alijua huzuiliki, akaomba hicho kidogo. Hata hicho kidogo umeona kilivyokwenda.

Nakuchukia leo, na najichukia, na kesho itapungua. Usinijibu kama huna la kusema.

Spés

*

Louisville, 22 Juni 2025

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa ndani ya gari nje ya kiwanda, na sikuingia kazini siku hiyo. Nilimwonyesha Florida. Alisoma, akanirudishia, akaenda akamchukua Ange aliyekuwa amelala akambeba mgongoni mpaka jioni, hakumshusha.

Nimemweleza pia habari ya suruali. Akaniuliza, "Kwa hiyo pale kwa Mama Kanyange ulijua?" Nikamwambia nilijua. Kile nilichofanyiwa na wale wawili nilimfanyia yeye, na sikuwa hata na hasira naye. Kila siku nilikuwa najinusa mimi. Sasa nanusa mkeka wake, na hiyo haiishi kwa kuoga.

Nilirudi kwa yule mzee wa duka na ile risasi mfukoni. Nilitaka aseme alinidanganya. Aliigeuza kwenye mwanga, akasema, "Ndiyo, ukuta wa jasi hufanya hivyo. Unga unaziba tundu, halafu inapita kama zile nyingine. Ndiyo maana tunasema jua kilicho nyuma ya unacholenga." Alisema kwa upole uleule. Kisha, dada, alifungua boksi jingine. Risasi zenye tundu lililozibwa kwa mpira mwekundu, ili zisizibwe na ukuta. Akaniambia, "Jaribu hizi, rafiki." Nilimtazama mikono. Misafi, kucha zimekatwa vizuri. Niliona kichefuchefu kuliko siku yoyote niliyokaa kwenye damu ya nguruwe, kwa sababu mzee huyu si mbaya. Anadhani kweli kwamba kinachohitajika ni boksi sahihi. Na mimi nilidhani hivyohivyo.

Risasi zilizobaki niliwapelekea polisi wakazipokea. Bastola sikuwapa, maana niliambiwa jimbo hili huzipiga mnada, na sikutaka iende kiunoni kwa mwingine. Nilikwenda kwa Karaha, Mkongomani anayetengeneza mashine kiwandani kwetu. Ana mashine ya kukatia chuma kwenye gereji yake. Alinishangaa. "Donc unataka nikate kintu ya mupya hivi? Bon, uko na akili kweli?" Nikamwambia kata. Alikata vipande vinne, nikashika mwenyewe kila kimoja kikiwa bado cha moto. Hakuuliza tena.

Niliwaambia ofisi ya apatimenti kilichotokea. Polisi walikuja kuandika. Mama Kanyange alikataa kuwaambia neno, akasema hana kesi na mtu. Ofisi imetupa mpaka mwisho wa Julai tuhame. Sawa. Siwezi kuendelea kukaa nyuma ya ukuta ule.

Lakini yeye anaondoka kabla yetu. Mwanawe Rakeli yuko Buffalo, East Side, amekuja kumchukua. Nimemwomba kaka Jovini awapokee. Siku tisa nimempelekea chakula mlangoni, na siku ya Bwana alinipa mkono mbele ya watu. Nilidhani tumemaliza. Lakini alipokuwa anapanda gari alimuaga Florida kwa machozi, akamkumbatia na Ange, na mimi akanipita kama nguzo. Nimemwandikia kwa Jovini kuuliza kama naweza kwenda kumwona.

Mwaka ujao ukipata likizo, nifuate hapa au nije huko, unieleze mama alikuwa mtu wa namna gani kabla ya asubuhi ile. Sura yake ilikuwaje. Alikuwa anacheka na nini.

Mdogo wako,
Sylveri

*

Buffalo, 3 Agosti 2025

Sylveri mume wa Florida,

Mimi ni Kanyange. Anayeandika ni kaka yako Jovini, na nimemwambia asilainishe neno. Nikimaliza atanisomea nijue kama ametii.

Chakula ulichokuwa unaniletea sikukila. Alipika Florida, mikono ya Florida naipenda, lakini sahani ulishika wewe. Nilikuwa nafunga mlango namwaga chooni, halafu naosha sahani kwa sabuni mara mbili nakurudishia. Kanisani nilikupa mkono kwa sababu mchungaji alikuwa anatutazama. Nikatoka nikaenda bombani. Nakwambia haya kwa sababu umeandika kwamba ulidhani tumemaliza. Mdomo wangu umekusamehe. Mwili bado, na mwili nao ni wangu.

Usifikiri nakuona mtu mbaya. Wabaya nimewaona, nawajua wanavyotembea. Wewe ni kijana mwema uliyenibebea mizigo ngazini. Na mtu mwema ndiye aliyeniletea tena sauti ile jikoni kwangu, baada ya miaka yote, nikiwa nimekaa na maharage yangu. Ulikuwa unajilinda, na upande wa pili wa ukuta nilikuwepo mimi. Hilo ndilo linalonitia kinyaa. Ningekuwa naweza kukuchukia ningepona haraka.

Jovini amenieleza habari za wazazi wako. Nimelia siku nzima. Kilio kile kilikuwa cha mama yako, usikichukue ukadhani ni chako.

Sasa nakula. Nimeanza na ndizi. Rakeli amenipa chumba kisichopakana na mtu, pande zote ni nje. Nalala kidogo.

Unauliza kama unaweza kuja. Njoo, pamoja na Florida, mumlete na yule mtoto nimwone meno. Tuko ghorofa ya pili, ngazi ni za mbao. Ukifika mlangoni usigonge, kishindo bado kinanimaliza. Simama pale nje, uniite jina langu kwa sauti yako, na useme na lako, kisha usubiri. Nikiweza nitafungua. Siku hiyo nisipoweza, nendeni mkalale kwa Jovini, na kesho yake mje tena.

Kanyange,
kwa mkono wa Jovini